Nilikuwa na upepo wa kulia, mbona nimehukumiwa?

Swali la msomaji kuhusu mbio za mashua za tanga, nimelifupisha kidogo:

"Tulikuwa tunashuka na upepo kuelekea boya la chini, la kuachwa kushoto. Mimi niko nje, tanga langu limelala kushoto, kwa hiyo upepo naupokea kulia. Mwenzangu yuko ndani, kati yangu na boya, tanga lake liko kulia, upepo wake wa kushoto. Akapaza sauti: 'Nafasi!' Nikamjibu: 'Upepo wa kulia!' nikashika njia yangu. Matanga yakagusana, naye akaparuza boya. Kamati ikanifuta mimi. Yeye hakuadhibiwa, hata kwa lile boya. Mbio zilizofuata nilifika boya la juu nikiwa na upepo wa kushoto, nikageuka karibu kabisa na boya, mbele ya mashua iliyokuwa na upepo wa kulia. Nilishamaliza kugeuka na hatukugusana, nikafutwa tena. Sasa hii kanuni ya wa kushoto kumpisha wa kulia inafanya kazi wapi? Na je, nikate rufaa?"

Ndugu yangu, nianze na jambo ambalo huenda likakushangaza: kwenye boya la chini haki ya kupita ilikuwa yako, na hakuna aliyekunyang'anya. Kanuni ya 10, hiyo ya wa kushoto kumpisha wa kulia, haikuzimwa hata kwa sekunde moja. Mwenzako alipaswa kukupisha, hakukupisha, na kwa hiyo alivunja kanuni. Hata hivyo, aliyestahili kufutwa ni wewe.

Kosa lako ni lile ninaloliona karibu kila mara ninapokaa kusikiliza malalamiko. Umedhani kwenye boya kuna swali moja tu, yaani nani ana haki. Kumbe yako mawili, na kitabu cha kanuni za mashindano cha World Sailing, kinachotumika kuanzia 2025 hadi 2028, kinayatenga kwa makusudi.

Swali la kwanza ni la haki ya kupita, na majibu yake uliyafundishwa siku ya kwanza. Wa kushoto ampishe wa kulia (kanuni ya 10). Wakiwa na upepo wa upande mmoja na wamepakana, aliye joshini, upande upepo unakotoka, ampishe aliye demani, upande upepo unakoelekea (ya 11). Wasipopakana, wa nyuma ampishe wa mbele (ya 12). Anayegeuka kwa omo, yaani ncha ya mbele ya mashua, awapishe wengine tangu omo inapouvuka upepo mpaka mashua ikae sawa kwenye mwendo wa kubisha, ule wa kuukaribia upepo kadiri tanga linavyoruhusu (ya 13). Hizo nne hazilali. Zinafanya kazi katikati ya maji, na kando ya boya pia.

Swali la pili ni la nafasi, na hapo ndipo kanuni ya 18 inapoingia. Kanuni hii haimpi mtu yeyote haki ya kupita. Inachotoa ni nafasi ya boya: nafasi ya kulifikia boya pale ambapo njia ya mashua inapita karibu nalo, nafasi ya kulizunguka upande uliotakiwa, na nafasi ya kuliacha nyuma. Anayedaiwa nafasi hiyo anaweza kuwa ndiye huyohuyo mwenye haki ya kupita. Ni kama shamba lako ambalo ndani yake jirani ana njia ya kwenda kisimani. Hati ya shamba haiifuti ile njia, na ile njia haimfanyi jirani kuwa mwenye shamba. Wewe ulisimama katikati ya njia ukiwa umeshika hati mkononi.

Mlikuwa mmepakana mlipofika, yeye akiwa ndani, wewe nje. Wa nje humwachia wa ndani nafasi ya boya, bila kujali upepo wa nani uko upande gani. Hukumwachia. Hilo ndilo lililokufuta. Ama kule kuvunja kwake kanuni ya 10, kanuni ya 43 inasema kwamba mashua inayokwenda ndani ya nafasi inayostahili huondolewa lawama ikimkosea yule anayedaiwa nafasi hiyo. Boya nalo ni vivyo hivyo. Kuligusa ni kosa chini ya kanuni ya 31, na adhabu yake ni mzunguko mmoja, lakini kama aliyekunyima nafasi ndiye aliyekusukuma juu yake, lawama hiyo nayo inaondoka. Kamati haikumpendelea mtu. Iliandika tu kwamba alilazimishwa.

Mgusano wenyewe pia ungeweza kukuletea hesabu nyingine. Kanuni ya 14 inamtaka kila mtu auepuke mgusano inapowezekana. Mwenye haki ya kupita na aliyestahili nafasi husamehewa wote ikiwa hakuna kilichovunjika wala aliyeumia. Kungekuwa na uharibifu au majeruhi, kinga hiyo ungeikosa.

Sasa, neno "kupakana" nimelitumia kana kwamba wote tunaliona kwa jicho moja, na ugomvi mwingi wa maboya unaanzia hapo. Kupakana si lazima mashua ziwe bega kwa bega. Chora kwa mawazo mstari unaopita kwenye ncha ya nyuma kabisa ya mashua iliyotangulia, ukiukata mkuku wake kwa pembemraba, uendelee mbali pande zote mbili. Kama mashua yako yote na vifaa vyake, vikiwa mahali pake pa kawaida, iko nyuma ya mstari huo, wewe uko nyuma kabisa. Ukiuvuka hata kwa ncha ya omo, mmepakana. Na ikiwa kati yenu kuna ya tatu inayopakana nanyi wote wawili, basi nanyi mmepakana. Kwa mashua zenye upepo wa pande tofauti, neno hili hutumika pale tu kanuni ya 18 inapozihusu, au zote mbili zinaposhuka, yaani zinakwenda zaidi ya nyuzi 90 kutoka upepo halisi. Ninyi mlikuwa mnashuka, basi mlipakana hata kama matanga yalikuwa yanatazamana.

Ona pia kwamba mstari ule umefungwa kwenye mashua, haukufungwa kwenye boya. Aliyetangulia akigeuza omo yake kidogo, mstari wote unazunguka naye kama mkono wa saa. Kwa hiyo mashua iliyo mbali sana kando, ambayo hukuwa hata ukiifikiria, inaweza ghafla kuwa imepakana nawe kwa sababu tu wewe umegeuza omo kulielekea boya. Na kinyume chake, ukiwa mbele kwa kiasi cha kutia shaka, kunyoosha omo kidogo kabla ya duara kunaweza kuukata mpakano ambao ungekugharimu nafasi tatu. Manahodha wazuri hucheza na mstari huu wakiwa bado mbali. Wengine huja kuukumbuka kwenye meza ya kamati.

Duara nililolitaja ni eneo linalolizunguka boya kwa umbali wa urefu wa mashua mara tatu, ukipimwa kwa mashua iliyo karibu zaidi na boya. Kabla ya 2009 ilikuwa mara mbili, na wazee wa mchezo bado ulimi unawateleza. Mashua ya aina ya 470 ina urefu wa mita 4.70, kwa hiyo duara lake ni mita 14.1. Ukishuka kwa maili 5 za baharini kwa saa, unakata karibu mita 2.6 kila sekunde. Kutoka ukingo wa duara hadi boya ni kama sekunde tano na nusu.

Katika sekunde hizo tano na nusu hakuna kinachoamuliwa tena, maana kimeshaamuliwa. Sehemu yoyote ya bodi ya mashua ya kwanza inapoligusa duara, piga picha kichwani. Waliopakana wakati huo: wa nje anadaiwa nafasi na wa ndani. Aliyekuwa mbele kabisa wakati huo: wa nyuma anamdai chochote? Hapana, yeye ndiye anayemdai wa nyuma. Picha hiyo haibadiliki hata mpakano ukikatika baadaye au mwingine ukianza. Wa nje aliyechukua mbio za ghafla na kumwacha wa ndani nyuma ya mstari bado anadaiwa. Wa nyuma aliyejipenyeza ndani baada ya duara hajapata kitu. Kinachoifuta picha ni mambo machache tu: nafasi ikishatolewa, au anayeistahili akiivusha omo yake kwenye upepo, au akitoka nje ya duara.

Nami nimeshajipenyeza. Zamani, nikiwa na haraka ya ujana, nilifika boya la chini nikiwa nyuma kabisa ya mashua moja kubwa kuliko yangu. Nahodha wake aliichukua kona kwa upana, pengo likafunguka kati yake na boya, nami nikaona mlango. Nikapiga kelele "Nafasi!" kama vile nimelipia. Pengo likifunguka lenyewe huruhusiwi tu kulitazama. Unaweza kulichukua, lakini unalichukua kwa hatari yako. Alipokaza tanga na kuja juu, pengo likafunga nami nikiwa katikati. Niligonga boya, nikagonga ubavu wake, na mizunguko niliyoifanya baadaye iliniweka wa mwisho. Hakunitukana. Aliniuliza tu, "Ulikuwa wapi tulipoingia?"

Hiyo ndiyo hoja ya sauti. Kanuni ya 18 haihitaji mtu apige kelele. "Nafasi!" haiumbi haki isiyokuwepo, na ukimya hauifuti iliyopo. Lakini kusema kunasaidia sana kabla ya duara. Urefu wa mashua tano au sita kutoka boya, mwambie mwenzako waziwazi, "Tumepakana, mimi ndani," au "Umekatika, uko nyuma." Akijibu, mmekubaliana picha. Asipojibu, mashua za jirani zimesikia. Hili lina uzito kwa sababu ya kifungu kidogo ambacho wengi hawakijui: ikiwa kuna shaka ya maana kama mpakano ulipatikana au ulikatika kwa wakati, huhesabiwa kuwa haukutokea. Uliyekuwa nyuma na unadai uliupata dakika ya mwisho, mzigo ni wako. Uliyekuwa umepakana na unadai uliukata, mzigo ni wako pia.

Kuna kifungu cha huruma kwa wa nje vilevile. Kama wa ndani ameupata mpakano kutoka nyuma, au kwa kugeuka upande wako wa joshini, na tangu mpakano uanze hukuwa na uwezo wa kumpa nafasi, hudaiwi. Msongamano wa mashua kumi ubavuni mwako ni sababu nzuri. Uzembe wa mkono kwenye usukani si sababu.

Nirudi kwenye lile boya lako la chini, kwa sababu kuna jambo kamati pengine haikukwambia. Nafasi aliyostahili mwenzako ilikuwa ndogo. Yeye hakuwa na haki ya kupita, alikuwa na ile njia ya kisimani tu. Nafasi maana yake ni maji ambayo mashua inayahitaji katika hali ya wakati huo, upepo na mawimbi yalivyo, ikiendeshwa upesi na kwa ubaharia unaofaa. Haijumuishi ule mzunguko mtamu ambao sote tunaupenda, wa kuingia kwa upana na kutoka ukilisugua boya. Laiti angefungua kona kuja upande wako ili atoke vizuri, angekuwa ametoka nje ya nafasi yake, msamaha wa kanuni ya 43 ungebaki nyuma, na kanuni ya 10 ingemwangukia yeye. Kwa maelezo yako alikwenda moja kwa moja hadi akaligonga boya. Hakuna upana hapo wa kumlaumu.

Ingekuwa tofauti kama wa ndani ndiye mwenye upepo wa kulia. Hapo ana vyote viwili, haki ya kupita na nafasi, na huwezi kumbana kwenye njia nyembamba. Ila hata yeye amewekewa mpaka: kama ni lazima ageuke kwa tezi, yaani sehemu ya nyuma ndiyo ivuke upepo, ili ashike njia yake baada ya boya, haruhusiwi kwenda mbali na boya kuliko njia hiyo inavyohitaji kabla ya kugeuka. Asikuburute mpaka upande wa pili wa uwanja. Mpaka huo hautumiki kwenye maboya mawili ya lango, yale ambayo mashua hupita katikati yake.

Na ungefanya nini pale? Boya linaachwa kushoto, kwa hiyo baada ya kulizunguka wote wawili mnatoka mkiwa na upepo wa kushoto. Yeye hakuhitaji kugeuza tanga, wewe ulihitaji. Ungepunguza kidogo, ukampa upana wa mashua yake na wa tanga lake, ukageuka kwa tezi ukiwa nje yake. Sasa tazama mlivyokaa: mna upepo wa upande mmoja, mmepakana, yeye yuko joshini karibu na boya, wewe uko demani. Haki ya kupita ni yako tena, mara hii kwa kanuni ya 11. Bado anakudai subira mpaka aliache boya nyuma. Akishaliacha, kanuni ya 18 imekwisha kati yenu, na unaweza kuanza kumpandisha juu, yaani kuuelekea upepo, taratibu ukimwachia muda wa kukupisha, kama kanuni ya 16 inavyotaka. Angelazimika kupanda nawe au kukaa kwenye upepo wako uliochafuka. Ulikuwa na silaha ya sekunde kumi baadaye. Ukaitumia sekunde kumi kabla.

Boya la juu, lile la upande upepo unakotoka, ni habari nyingine kabisa, na naomba usiibebe picha ya boya la chini kwenda nayo huko.

Mashua mbili zinazobisha, moja na upepo wa kushoto na nyingine wa kulia, hazina kanuni ya 18 kati yao. Kitabu kinasema hivyo waziwazi. Hakuna wa ndani, hakuna wa nje, hakuna nafasi. Kuna kanuni ya 10 peke yake, nayo hapo ni ngumu kama mwamba. Ukija na upepo wa kushoto ukakuta msururu wa mashua zenye upepo wa kulia zinalielekea boya, unaweza kupita nyuma ya tezi zao au kugeuka mahali ambapo humsumbui mtu. Ukimpigia mmoja wao kelele ya nafasi, atakucheka, na ana haki ya kukucheka.

Ulichofanya wewe ni kugeuka, na uligeuka ndani ya duara. Unasema ulishamaliza kugeuka na hamkugusana. Kwingine kokote hoja hiyo ingekuokoa. Ungekuwa umetimiza kanuni ya 13, ungekuwa mbele kabisa au demani ukiwa na haki mpya ya kupita, na kanuni ya 15 ingekudai tu umwachie mwenzako nafasi ya kukupisha mwanzoni. Lakini kwenye boya la kuachwa kushoto kuna kifungu cha 18.3, kilichoandikwa kwa ajili ya tendo hilohilo. Ukiwa ndani ya duara, ukaivusha omo kutoka upepo wa kushoto kwenda wa kulia, na sasa unaweza kulipita boya bila kugeuka tena, basi kwa yule ambaye amekuwa na upepo wa kulia tangu alipoingia kwenye duara una madeni mawili. La kwanza, usimlazimishe kupanda juu kuliko mwendo wake wa kubisha ili asikugonge. La pili, akipakana nawe kwa ndani, umpe nafasi ya boya.

Mgusano hautajwi hapo. Kilichotakiwa kuthibitishwa ni kama alipanda juu ya mwendo wake wa kubisha ili akukwepe. Kama kamati imeona matanga yake yakipigapiga huku omo ikipanda, imetosha. Kuna mwanya mmoja: kama mwenzako alikuwa amevuka mbali, anakuja akiwa amelegeza tanga, chini ya mwendo wa kubisha, anaweza kupanda mpaka afikie mwendo huo bila wewe kuwa na kosa. Kosa linaanzia pale anapolazimika kuupita. Umbali huo mdogo mara nyingi ndio hukumu nzima, na ndiyo maana kwenye kesi za boya la juu swali langu la kwanza kwa mashahidi huwa, "Matanga yake yalikuwa yamekazwa au yamelegezwa?"

Sababu ya ukali huu utaiona ukikaa siku moja kwenye mashua ya kamati karibu na boya la juu. Mashua zote zinakusanyika kwenye mstari mmoja wa upepo wa kulia, ubavu kwa ubavu, na mmoja akijitupa ndani na kugeuka mbele yao, wa kwanza anapanda juu, wa pili anamkwepa wa kwanza, wa tatu anasimama, na kelele zinasikika hadi ufukweni. Kifungu kinakutaka ufanye uamuzi wako kabla ya duara. Kwa mashua ya 470, mita 14.1 ni karibu kuliko unavyodhani ukiwa umelala ubavuni na maji machoni. Mimi humfundisha mwanafunzi ageuke akiwa bado urefu wa mashua tano, hata kama itamgharimu kwenda mbali kidogo. Ukigeuka nje ya duara, 18.3 haikuhusu. Kinachobaki ni kanuni za kawaida na ile picha ya duara, na unaweza kuingia ukiwa mbele kabisa, mwenye kila kitu.

Jambo jingine la boya la juu ambalo hukuuliza, ila litakupata msimu huu. Wote wawili mna upepo wa kulia, wewe uko ndani na demani, boya limekuponyoka kwa nusu urefu wa mashua. Unaweza kupandisha omo ukajisukuma kwa kasi iliyobaki mpaka ulipite, kwa kuwa wa demani ana haki na wa nje unamdai nafasi, mradi humpandishi ghafla. Omo ikiuvuka upepo tu, umepoteza vyote. Nafasi ya boya haina ndani yake nafasi ya kugeuka kwa omo, isipokuwa kwa aliye ndani na joshini mwa yule anayedaiwa nafasi, na ambaye akigeuka atalipita boya. Wewe uliye demani haikuhusu.

Na usije ukajaribu haya yote kwenye boya la kuanzia. Boya la mstari wa kuanzia lililozungukwa na maji yanayopitika halina nafasi ya boya wakati mashua zinalikaribia ili kuanza. Anayekuja kutoka joshini akijikamua kati ya boya na wa demani, akipiga kelele "Nafasi!", ana haki ya kufungiwa mlango usoni. Kila msimu kuna mmoja, na kila msimu anashangaa.

Kuhusu adhabu: kwenye matukio yote mawili ulikuwa na njia ya kujiokoa palepale majini. Kosa dhidi ya mashua nyingine hulipwa kwa mizunguko miwili, kila mmoja na kugeuka kwa omo mara moja na kwa tezi mara moja, yote upande uleule, ukiwa umejitenga na wengine mapema iwezekanavyo. Kwa mashua ndogo ni nusu dakika, pengine dakika nzima kwenye mawimbi. Kufutwa ni alama za mwisho kabisa. Kama ulikuwa na hakika kwamba mwenzako ndiye mkosaji, ulipaswa kupaza sauti ya lalamiko mara moja, na kama mashua yako ina urefu wa mita 6 au zaidi, kutoa pia bendera nyekundu. Wewe hukufanya hili wala lile. Ulikwenda kusubiri wakulalamikie.

Rufaa, basi. Unaweza kukata rufaa dhidi ya uamuzi wa kamati au utaratibu wake, lakini huwezi kuukatia rufaa ukweli uliothibitishwa. Ukisoma karatasi ya hukumu utakuta sehemu mbili: yaliyothibitishwa, kisha kanuni zilizotumika. Kama kwenye boya la chini wameandika "zilipakana ya kwanza ilipofika kwenye duara, ya nje haikutoa nafasi," hakuna mlango hapo. Kwenye boya la juu soma kwa makini zaidi. Wakiwa wameandika tu kwamba uligeuka ndani ya duara na mwenzako akabadili njia, bila kusema kama alipanda juu ya mwendo wake wa kubisha, basi ukweli waliouthibitisha hautoshi kubeba hukumu ya 18.3, na hilo ni suala la kanuni. Hiyo ndiyo karatasi ya kupeleka mbele. Ile nyingine iache.